Haja Kubwa, Haja Ndogo na Damu

Ngiri ya mume wangu ilitoka kanisani, siku ya Sabato, katikati ya wimbo. Ndivyo alivyoamini yeye mpaka alipozeeka, ingawa mimi niliyekuwa nikimfulia suruali nilijua ilikuwa imeanza kuchungulia muda mrefu kabla ya hapo. Alikuwa mwimbaji wa besi. Katika kwaya yetu ya Suna, besi ilikuwa ni yeye na wanaume wengine wachache waliofungua midomo tu. Siku hiyo aliishukia noti ya chini kabisa, akaipata, na papo hapo nikamwona anajifunika kinena kwa kitabu cha nyimbo huku macho yamemtoka.

"Bwana amenigusa," aliniambia tulipotoka nje.

"Amekugusa pabaya," nikamjibu.

Hakucheka. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, lakini kucheka alikuona kama kula nyama ya nguruwe. Alikuwa na duka la vitambaa pale Suna, na cherehani barazani aliyoiendesha kwa mguu tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa kila alipokanyaga, kile kivimbe kilitoka kikakaa pale kama yai la bata, naye akilazimika kwenda kulala chali nyuma ya majora ya khaki na kukirudisha ndani kwa vidole. Wateja walidhani anasali. Hakuwakosoa.

Mhudumu wa dispensari alimwangalia, akamkohoza, akasema hiyo dawa yake ni kisu tu, na kisu kiko Homa Bay. Kwa hiyo tuliwapeleka watoto wetu kwa mama mkwe wangu kule Macalder, ambako alikuwa akiwapikia uji na ugali wanaume wa mgodini, tukafunga duka, tukapanda basi.

Homa Bay tulifikia kwa Waya. Ndivyo tunavyomwita dada ya baba. Waya wangu alikuwa mjane aliyeuza samaki sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mitumbwi, na alivuta sigara kwa kuweka upande wa moto ndani ya mdomo, kama walivyofanya wanawake wengi wa rika lake. Mume wangu alimwogopa. Hakuweza kumkemea kuhusu tumbaku kwa sababu tulikula kwake, na hakuweza kumwombea kwa sababu kila alipofumba macho Waya alianza kupara samaki.

Daktari alikuwa kijana wa Pwani. Uhuru ulikuwa bado mpya, na daktari Mwafrika alikuwa kitu cha kutazamwa. Wapo waliokuja na homa wasizokuwa nazo ili wamwone tu. Kiswahili chake kilikuwa laini mno. Sisi wengine Kiswahili chetu tulikiokota sokoni na shuleni, tukakivaa kama koti la mtu mwingine. Chake alizaliwa nacho.

"Mzee wangu," alimwambia mume wangu, "ngiri yako tutaipasua na kuishona, na utapona inshallah. Lakini hapa hatumlazi mtu mezani kabla hatujajua ana nini mwilini. Mtu anaweza kuwa na maradhi yamejificha, na kidonda chake kisipone, au akatuambukiza sisi na wenzake wodini. Kwa hiyo tutakupima kwanza. Damu tutaitoa leo. Makohozi, leo. Kesho asubuhi utaniletea haja kubwa na haja ndogo."

"Nitaleta, Daktari," akasema mume wangu, na uso wake ukang'aa namna ambayo sikuielewa.

Damu walitoa ya kuangalia malaria, na nyingine wakaiweka kando katika kichupa. Hiyo, daktari alisema, itasafirishwa mbali kwenye maabara kubwa, na majibu yake yatachelewa. Kisha akauliza swali ambalo wakati ule halikuwa na maana kwangu wala kwa mume wangu.

"Utotoni uliwahi kuugua buba?"

Mume wangu hakulijua neno hilo. Alilisikia kama tusi. Akanyoosha shingo. "Hapana, Daktari. Jamii yetu ni safi."

Jioni hiyo, kwa Waya, mume wangu aliketi kwenye kigoda kandokando ya kuku, kidevu mkononi. Nilipomuuliza ana nini, aliniambia kwa sauti ya chini, "Yule daktari ni mtu wa imani. Hujamsikia? Ameniuliza haja zangu. Haja kubwa na haja ndogo. Lazima nizifikirie vizuri, nisiende kumpotezea wakati."

Na mimi, Mungu anisamehe, niliona ni jambo la maana. Kwetu choo kinaitwa choo. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaokizungukia kwa adabu namna hiyo. Lakini Waya alikuwa ameuza samaki kwa Waswahili miaka mingi, na alijua kabisa. Nilimwona akigeuza uso ukutani, mabega yakimtetemeka, moshi ukimtoka puani. Hakusema neno. Mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaani.

Asubuhi chumba cha daktari kilikuwa wazi na benchi nje limejaa. Mume wangu aliingia na koti lake la kanisani. Mimi nilisimama mlangoni.

"Enhe, mzee. Umeniletea haja kubwa?"

"Nimeleta, Daktari."

"Iko wapi?"

"Iko moyoni."

Daktari akaweka kalamu chini. Mume wangu akakohoa kidogo, kama anayetaka kuanza sala. "Haja yangu kubwa ni nipone, nirudi kumwimbia Mungu kwa sauti aliyonipa. Na haja yangu ndogo," hapo akanitazama, "ni mke wangu apunguze maneno."

Sijui yule kijana alipata wapi nguvu za kutoanguka. Aliinama chini ya meza kama aliyeangusha kitu, akakaa huko kitambo. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. "Hiyo ndogo, mzee wangu," alisema, "hata mimi siiwezi. Lakini mimi nilikuwa nikiomba mavi na mkojo."

Alilisema kwa upole, lakini benchi lilisikia. Mwanamke mmoja aliyekuja na mguu uliovimba alicheka mpaka akasahau mguu. Mume wangu alisimama pale wima kama mlingoti, na nilimwonea huruma, ninaapa, ingawa pia nilibana meno kwenye kitambaa changu cha kichwa.

Tulipewa kiberiti kitupu kwa moja na kichupa kwa nyingine. Sasa kwa sababu ya aibu tumbo lake likagoma. Waya alimpa papai, akampa uji wa wimbi, akampa tena papai, akawa anapita mlangoni kila mara na kuuliza kwa sauti ya sokoni, "Haja imefika?" Ilipofika, mwenyewe alikataa kuibeba. Mzee wa kwaya hawezi kupita mjini na kitu kama hicho. Niliibeba mimi, ndani ya mkoba wangu wa kanisani, na njiani mtu mmoja akanisimamisha kuniomba moto wa sigara. Nilimwambia kiberiti changu kina unyevu.

Walikuta safura. Minyoo, daktari alisema, inayoingilia nyayoni na kunyonya damu taratibu, ndiyo maana mzee kope zake zimekuwa nyeupe. Alipewa dawa chungu ya kuinywa tumbo likiwa tupu, na vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa aende nyumbani arudi baada ya wiki kadhaa, wakati damu imenona na majibu yale ya mbali yamefika. Mume wangu alichukia njia nzima mpaka Suna. Si kwa sababu ya ngiri. Hakuweza kuamini kwamba minyoo iliingia kwa mtu anayekula kwa kuchagua jinsi alivyochagua yeye.

"Inaingilia nyayoni," nilimkumbusha. "Haisomi vyakula unavyokula."

"Mama watoto," akasema, "ile haja ndogo ilikuwa ya kweli."

Tuliporudi Homa Bay, kiberiti kilitoka safi. Makohozi yalikuwa safi. Mume wangu alianza kutembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Kisha daktari akamwita ndani peke yake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

Alipotoka, uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Nilimfuata mpaka uwanjani kwa Waya, na hapo tu ndipo aliponigeukia.

"Daktari anataka damu yako pia."

"Yangu ya nini? Mimi sina ngiri."

"Damu yangu imeonyesha ugonjwa. Kaswende."

Waya, aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, aliacha mikono hewani. Kwa Kiluo ugonjwa huo tunauita *nyach*, na ni neno ambalo mtoto akilitamka anapigwa.

"Mimi ni mwimbaji wa kanisa," mume wangu akasema, sauti ikipanda. "Sijawahi kumjua mwanamke mwingine. Sasa huu ugonjwa umeingia kupitia wapi?"

Nilielewa anakokwenda kabla hajafika. Damu ilinipanda kichwani, hiyo damu yenyewe waliyoitaka. "Labda nao umeingilia nyayoni," nikasema.

"Usinifanyie mzaha!"

"Basi usinifanyie uchafu! Wewe ndiye unayekwenda Kisii kununua vitambaa na kulala huko. Mimi ninalala wapi? Ninalala na watoto wako na majora yako ya khaki!"

"Hao wanaume wanaokuja dukani..."

"Wanakuja kupimwa suruali, nawe ndiye unayewapima!"

Waya aliingia katikati yetu na ungo wa omena kama ngao. "Mkwe wangu," alimwambia, "mtoto wa kaka yangu namjua tangu hajaota meno. Hapa kwangu hatatukanwa. Nenda ukaketi ziwani mpaka upoe."

Alikwenda. Lakini hakupoa. Nilitolewa damu yangu siku iliyofuata, na daktari akatueleza sote wawili, bila kumtazama mmoja zaidi ya mwingine, kwamba operesheni itasubiri. Kwanza mzee atachomwa sindano kila siku kwa siku kadhaa. Akimaliza, kisu kitafuata. Majibu ya damu yangu nayo yatangojewa, ila safari hii ameomba yaharakishwe.

Foleni ya sindano ile kila mtu Homa Bay aliijua. Ilikuwa upande wa nyuma, karibu na mti wa mwarobaini, na ukisimama pale ni kana kwamba umetangaza. Mume wangu alivuta kofia mpaka nyusini. Siku ya kwanza tu, mbele yake alimkuta mzee mmoja wa kanisa letu la Suna, yule aliyekuwa akiwafundisha vijana usafi wa mwili na roho kila alasiri ya Sabato. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona ya jengo, nilisikia yote.

"Ndugu," akasema yule.

"Ndugu," akasema mume wangu.

Kila mmoja ameshika mkanda wa suruali.

"Malaria?" akauliza yule.

"Malaria."

"Ya mwaka huu ni kali."

"Ni kali sana, ndugu."

Wakasogea mbele pamoja. Ningecheka kama moyo wangu usingekuwa umechanika. Kwa maana asubuhi hiyo Waya alikuwa ameniambia alichokisikia sokoni: mume wangu alimkuta mtu wa kijiji chetu aliyekuja kununua omena, akampa ujumbe aupeleke kwa baba yangu na mama yangu. Waje wamchukue binti yao, kwa kuwa ameleta *nyach* nyumbani. Ujumbe wenyewe ulipita kwa mdomo, kwa hiyo kabla haujafika kwetu ungekuwa umeshalala katika nyumba nyingi na kunenepa.

Sikungojea majibu ya damu. Nilifunga kitambaa changu nikaondoka. Niliwaza hivi: nitakwenda Macalder niwachukue watoto wangu, nivuke nao mto Migori, nifike kwetu kabla hawajaja kunichukua kama mzigo. Basi mpaka Migori, kisha lori la mgodini. Nilifika Macalder na vumbi mpaka kwenye kope.

Mama mkwe wangu alikuwa akikoroga uji katika sufuria kubwa, amezungukwa na wanaume wanaongojea zamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kurudia neno. Watoto wangu walinirukia. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuwachukua. Tunakwenda kwetu."

"Kwa nini?"

Sikutaka kusema mbele ya wanaume. Akaona, akampa mmoja wao mwiko, akanivuta nyuma ya nyumba. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye lile neno nililisema nikiitazama ardhi, maana si jambo la kumwambia mama wa mumeo. Nilipoinua macho, nilimwona ameshika kiuno, anatazama mbali, kama anayehesabu mvua zilizopita.

"Daktari hakumuuliza kuhusu vidonda?" akasema.

"Vidonda gani, Mama?"

"Alipokuwa hajatembea vizuri. Mwili mzima ulitoka vidonda, vinene, vinyevu, kama matunda yaliyooza. Miguuni, matakoni, mpaka mdomoni. Alinuka mpaka mbuzi walimkwepa. Nilimbeba kwa majani ya mgomba, mgongo wangu usiguse. Watoto wengi hapa waliupata. Baadaye wazungu wakaja na sindano, lakini yeye alikuwa amepona kabla yao. Waliokuwa wakizungumza Kiswahili waliuita buba."

Neno hilo lilinigonga. Nikamwambia kwamba daktari aliuliza hasa hilo, na mwanawe akajibu jamii yao ni safi.

Mama mkwe wangu alifumba macho. "Safi," akasema. "Mimi niliyemwosha usaha na maji ya majani, mwaka mzima, ananiambia safi." Kisha akafungua macho. "Watoto watabaki. Wewe na mimi tunarudi Homa Bay. Huwezi kwenda kwenu na jina hilo kichwani. Ukishalivaa kwenu halivuliwi."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimechoka, na ukweli ni kwamba sehemu ya moyo wangu ilitaka kwenda kwetu kulala kwenye kitanda cha mama yangu na kuchukiwa na mtu yeyote, mradi asiwe yule mwanaume. Lakini mama mkwe alikuwa tayari amevaa viatu vyake vya mpira.

Tulipofika, mume wangu alikuwa ameketi benchi la hospitali. Alipomwona mama yake alisimama haraka, akashika kinena, ngiri ikiwa imeshtuka pamoja naye. Daktari alituita wote watatu ndani, na hata sasa nakumbuka kwamba alianza na mimi.

"Bibi, majibu yako yamefika. Damu yako haina kitu. Wewe ni mzima."

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali ya siku hiyo, nimeyapanga tangu Macalder, na yote yaliniyeyuka. Niliweza tu kuanza kulia, jambo lililonikasirisha zaidi.

Mama mkwe hakungojea kilio kiishe. Alimsogelea mwanawe, akainama, akapandisha mguu wa suruali yake mpaka gotini. Mfupa wa ugoko wake ulikuwa umepinda kidogo mbele, na ngozi ilikuwa na makovu mapana, membamba kama karatasi. Nilikuwa nimeyaona miaka yote ya ndoa yetu, nikidhani aliungua.

"Mwanangu aliugua buba," akamwambia daktari. "Asikudanganye."

Daktari aliinama, akapitisha kidole kwenye mfupa ule, akamuuliza mama maswali mengi: umri, vidonda vilianzia wapi, vilikauka vipi. Kisha akaketi na kutikisa kichwa. "Ndiyo maana niliuliza, mzee," akamwambia mume wangu, na safari hii Kiswahili chake hakikuwa laini. "Buba na kaswende ni ndugu wa tumbo moja. Kipimo chetu kinatambua ukoo; hakitambui mtu. Mtu aliyeugua buba utotoni anaweza kutoka hivi maisha yake yote, hata kama hajawahi kuvuka mpaka wa nyumba yake."

"Kwa hiyo sina *nyach*," akasema mume wangu, akaanza kupumua.

"Kwa hiyo inaelekea ni buba. Kuapa siwezi. Sindano ulizochomwa zinamaliza zote mbili, kwa hiyo kwa upande wa kisu hakuna shida." Alitutazama kwa zamu. "Upande mwingine ni wenu."

Nimeishi na neno lile *inaelekea* muda mrefu. Watu wengine wangependa daktari aape. Mimi nilimheshimu kwa kutoapa, ingawa siku ile ningelipa chochote aape.

Walimpasua juma hilo. Sindano ya ganzi ilichomwa mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho, hasikii chochote kuanzia kiunoni. Na kwa sababu aliogopa, akaanza kuimba. Daktari mwenyewe alinieleza baadaye, huku akijifuta machozi: aliimba besi, wimbo ule ule wa kanisani, mpaka wakalazimika kumsihi. "Mzee, ukiimba tumbo linacheza, na mimi nina sindano mkononi." Alinyamaza kwa ubeti mmoja tu, kisha akaendelea kwa pua.

Wodini alikuwa mtu mwingine kidogo. Hakuweza kukohoa, hakuweza kuinuka, na Waya alikuja kila mchana na samaki na hadithi za sokoni zisizosimulika mbele ya mzee wa kwaya. Alimchekesha. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu akicheka namna ile, ameshika nyuzi zake kwa mikono yote miwili, akisema, "Waya, niache, Waya, nitachanika!" Na mimi niliketi ukingoni mwa kitanda, bado nina hasira, nikiwaza kwamba ana meno mazuri.

Siku ya kutoka, alisema, "Mama watoto, nimekukosea."

"Umenikosea hapa," nikamwambia, "lakini ujumbe uliutuma kwetu. Ndiko utakakouondoa."

Alijua maana yake. Kwetu mkwe wa kiume haongei ovyo mbele ya mama wa mkewe. Hata kumtazama usoni ni kwa kipimo. Basi lilipotufikisha Rongo ndipo akasema, "Sawa."

Tulikwenda kidonda kilipokauka. Kwetu ni ng'ambo ya mto Migori, upande wa kuelekea mpakani. Baba yangu aliketi kwenye kiti chake, mama kwenye ngozi mlangoni, amegeuka nusu, kama heshima inavyotaka. Mume wangu hakuketi.

"Nimekuja kwa sababu ya ule ujumbe," alisema. "Kuhusu ile homa."

"Homa gani, mkwe?" akauliza mama yangu, akitazama nje.

"Ile... ya damu, Mama."

"Malaria?"

"Siyo malaria, Mama."

"Basi ni homa gani? Maana ujumbe ulionifikia ulikuwa na jina."

Baba yangu alianza kukagua vidole vyake vya miguu. Mume wangu alitokwa jasho mpaka kola ikalowa. Nilijua mama alikuwa akimfinya makusudi, na sikumwokoa.

"*Nyach*, Mama," akasema hatimaye, kwa ile sauti ya besi, na nadhani hata ng'ombe walisikia. "Nilisema ni ya binti yenu. Haikuwa yake. Alipimwa, ni mzima. Ilikuwa damu yangu mimi, ya vidonda vya utotoni. Nilimpaka binti yenu matope na sikuwa na haki. Nimekuja kuyarudisha mdomoni mwangu."

Mama akasema, "Nimesikia," akainuka, akatoka nje kukamata kuku.

Nilimfuata jikoni. Tulinyonyoa pamoja, maji moto yakitoa harufu ya manyoya. Kutoka ndani tulisikia baba akimuuliza mume wangu kuhusu bei ya khaki, kama wanaume wafanyavyo wanapotaka jambo liishe.

"Hicho kisa cha vidonda," mama akasema bila kuinua kichwa. "Unakiamini?"

Nilifikiria. "Siku nyingi nakiamini, Mama."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine ninafua suruali zake nikiwa na mawazo."

Akanipa kisu. "Kata kitunguu," akasema. "Katakata kidogo kidogo. Mkwe amesimama muda mrefu, atakuwa na njaa."